Vidonge Viwili vya Esteri

Tharsisi wa Heru Juu hakuwa mtu wa kupunjwa. Akinunua maharage, lazima kopo lijae mpaka yamwagike. Basi siku ile kliniki, Nurudini, mwenye duka wa Kibondo, aliposema anameza vidonge vinne kila asubuhi, roho ilimuuma. Nurudini alipandikizwa figo, kama Esteri, mke wa Tharsisi. Dawa yao ni ileile, ya kuuzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine. Mbona Esteri kaandikiwa viwili?

"Wametupunja, Mama Nadine," alimwambia mkewe njiani. "Figo aliyokupa kaka yako Irakoze tuipoteze hivihivi? Kuanzia kesho, vinne."

Kumuuliza muuguzi, hakumuuliza.

Siku ya tano, mikono ya Esteri ilianza kutetemeka. Alimimina kahawa, nusu kikombeni, nusu mezani. Kichwa nacho kilimgonga. Tharsisi aliogopa kwelikweli. Akaita bodaboda, wakakimbilia kliniki.

Muuguzi Shadia aliwasikiliza, akampigia daktari palepale.

"Rudi kwenye viwili," alimwambia Esteri. "Kesho asubuhi njoo kabla hujameza dawa, tupime damu. Dawa hii ikipungua, mwili unaikataa figo. Ikizidi inakuwa sumu, na figo yenyewe inaumia."

"Lakini Nurudini anameza vinne," Tharsisi alibisha.

"Kwenu mnakunywa kahawa?" Shadia aliuliza.

"Mimi vikombe vitatu, na nakoroma. Huyu nusu tu, anakesha. Baba yake yuko hivyohivyo."

"Ego," Esteri aliitikia kwa Kiha. "Ndiyo, ukoo wetu wote."

"Basi na dawa ni hivyo. Kila mtu anarithi vinasaba kwa baba na mama. Hayo ni maelekezo ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Mwili wa Nurudini unaivunjavunja dawa hii upesi. Wa Esteri unaivunja polepole, kwa hiyo inabaki nyingi kwenye damu. Lakini kahawa si kipimo, wala kidonge cha mwenzako. Kipimo ni damu."

Tharsisi aliinamisha kichwa. "Nilitaka kukuokoa, mke wangu. Kumbe nakumaliza."

Baada ya wiki mbili majibu yalikuwa mazuri. Figo ya Irakoze ilikuwa salama. Asubuhi ile Esteri alishika birika mwenyewe, mkono umetulia. Akamjazia mumewe kikombe, akajimiminia nusu.

"Baba Nadine," alisema akicheka, "usije ukadhani nimepunjwa."