Mwanga Humrudia Aliyeushika

Rafiki yangu msusi si mtu wa kutia chumvi, na hili hakunisimulia kwa kupenda. Nilimbana nilipoona ameihama saluni ambayo hata rangi haijakauka.

Fundi vioo alimwekea vioo viwili ukutani, vikakutana kwenye kona kwa pembe mraba. Akampa tochi. "Mulika pale vinapoungana, shemeji. Popote utakaposimama, mwanga utakurudia mwenyewe." Kweli, akasogea huku, akasogea kule, mwanga ukamfuata kifuani. Wakacheka.

Kesho yake mchana alirudi kutafuta hereni ya marehemu mama yake. Umeme ulikuwa umekatika. Mdogo wake akabaki nje, rafiki yangu akaushusha mlango wa chuma mpaka chini, wateja wasije wakaingia. Ndani giza totoro. Akamulika kona, mwanga ukampiga kifuani kama jana. Akainama, akatafuta chini ya meza. Patupu.

"Dada, umeipata?" mdogo wake aliita.

"Wapi! Sijui imeangukia wapi."

Nyuma yake kiti cha kuoshea nywele kikalia nyii, kama kinavyolia mteja anapoinuka. Akageuza shingo tu, akazima tochi asikilize vizuri. Kimya. Ndipo alipojitazama.

Mwanga bado ulikuwa kifuani pake, ukitokea kwenye kona.

Ukashuka taratibu tumboni, magotini, ukatambaa sakafuni bila haraka, kama mtu anayetafuta kwa makini. Ukaipita meza, ukaingia chini ya kile kiti, ukatulia.

Hereni ikametameta.