Sahani ya Mume wa Mti

Sahani ilikuwa imelambwa ikang'aa, na nyumba hiyo haikuwa na mbwa wala mtoto.

Amenan akacheka. Jana yake alikiwekea kinyago kiazi kikuu cha kuponda, na yai juu. Utani tu! Mumewe, Brou, ndiye aliyekichonga: mwanamume wa mti, shingo ndefu, chale laini mashavuni. Mteja aliyekiagiza hakurudi, na kila aliyeingia karakanani alikisifu. Wewe sifu mpaka koo likukauke, hakuna kesi. Sisi Wabaule tunasifu vinyago tangu tunanyonya. Lakini chakula? Chakula hupewa mume wa upande wa pili, kwenye mizimu, jini mwenye wivu; ukimlisha, umekubali kuwa mkewe. Amenan aliyajua hayo, akayafanyia mzaha.

"Brou, umekula wewe?"

"Nile chakula cha mti? Una wazimu, mke wangu?"

Kesho yake akaweka tena, aone. Kisha akawa hawezi kuacha, akakihamishia hata chumbani. Brou akakonda mpaka patasi ikamshinda kushika, na chumbani kukawa kunanuka mawese ya moto hata jiko likiwa limezimwa, na kila Brou aliponyoosha mkono amguse mkewe, chini ya kitanda kijiko kilikwangua sahani, kikakwangua, kikakwangua, mpaka aurudishe mkono wake.

Asubuhi moja wakamwita Mama Ahou, mganga.

"Ulimsifu au ulimwabudu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nilimsifu tu, mama. Si mzuri?"

"Nani anakula kwanza humu ndani?"

Amenan akainama. "Yeye."

"Na mumeo?"

"Kinachobaki."

"Hapo hakuna kusifu tena, mwanangu. Mtazame usoni, umwambie, 'Wewe ni mti.' Atatoka. Ukishindwa, Brou hafiki mavuno."

"Sema, Amenan," Brou alimsihi kutoka mkekani. "Maneno matatu tu."

Alitaka, jamani! Alimpenda Brou wake. Akasimama mbele ya kinyago, akafungua kinywa, na harufu ya mawese ikamjaa kooni, na kijiko kikaanza kukwangua, na goti moja likakunjika, na la pili likafuata, na viganja vikafunguka vyenyewe, na sauti ikamtoka laini kama ya bibi harusi:

"Bwana wangu, leo utakula nini?"

Kijiko kikanyamaza. Mama Ahou akaanza kukusanya dawa zake.

"Mama," Brou aliita, "mbona unafungasha?"