Miwani na Kona ya Tangi

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai, Miwani aliifuta pikipiki yake. Alitumia kitambaa laini, kama kile anachofutia lenzi kazini. Alifuta tangi, akafuta taa, akafuta vioo vya pembeni. Halafu alirudi nyuma hatua mbili akaitazama, kama mtu anayetazama picha ukutani.

Ilikuwa pikipiki ya spoti, ya buluu, iliyoinama mbele kama mnyama anayetaka kuruka. Usukani wake ulikuwa chini. Aliyeipanda alilazimika kuinama mpaka kifua kikaribie tangi.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria mkononi.

"Wenzako wanaleta wakwe nyumbani," alisema. "Wewe umeniletea huyu."

"Ana ubaya gani, mama? Hali chakula chako, hakujibu vibaya."

"Anakunywa tu. Wakwe wa aina hiyo nawajua."

Miwani alicheka kimyakimya. Alikuwa na jina lingine, lakini mtaa mzima ulimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa miwani. Alikuwa fundi wa kuitengeneza. Alikaa nyuma ya duka, karibu na dirisha, akisaga lenzi mpaka zienee kwenye fremu. Alifunga skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kwa miaka saba macho yake yalikuwa yametazama vitu vilivyo karibu na pua. Kwa miaka hiyohiyo saba alijinyima, akaweka akiba, mpaka akainunua pikipiki ya ndoto yake.

Dukani alikuwa mpole. Wateja walimwomba aongeze sauti. Ndani ya helmeti aliimba.

Siku ya kwanza alipoingiza gia ya tatu kwenye barabara iliyonyooka kando ya maghala, upepo uliingia kwenye mikono ya koti lake ukaijaza. Sauti ya injini ilipanda kama mtu anayeanza wimbo. Alijiona mwepesi. Alipofika mwisho wa barabara alisimama, akafungua kioo cha helmeti, akakuta machozi yanamtoka. Hakuwa na huzuni hata kidogo.

Lakini kulikuwa na siku za namna nyingine pia.

Siku moja alisimama kwenye taa za barabarani. Akashusha mguu. Mguu ukakanyaga mchanga, ukateleza. Pikipiki ikalala polepole, naye akalala nayo, mbele ya basi zima la watu. Wanaume wawili walimsaidia kuinyanyua.

"Pole, dada," mmoja alisema. "Ni uzito tu umekushinda."

"Asante," alijibu Miwani. Uso ulimwaka moto. Alishukuru kwamba helmeti inafunika uso.

Kuanguka kwa pili hakukuwa jambo la kuchekesha.

Njia ya kwenda kazini ilipita Kona ya Tangi. Hapo barabara ilizunguka chini ya tangi kubwa la maji, na katikati ya kona palikuwa na shimo. Kila siku Miwani alilitazama shimo hilo kwa makini ili asiingie. Kila siku alinusurika. Alasiri moja hakunusurika. Alijikuta anakwenda moja kwa moja shimoni. Akashtuka, akabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Tairi likateleza. Dunia ikapinduka.

Alikuwa amevaa helmeti na kamba yake imefungwa. Alikuwa amevaa koti nene, glavu na viatu virefu. Kwa sababu hiyo alirudi nyumbani kwa miguu yake, akiwa na goti lililovimba na kioo kimoja cha pikipiki kimevunjika.

Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Alipomwona binti yake anaisukuma pikipiki huku anachechemea, aliweka randa chini. Hakumkaripia. Alimwekea kiti, akalitazama goti, akaketi kwenye rundo la mbao.

"Unajua mimi natengeneza vitanda na makabati," alisema.

"Najua, baba."

"Na majeneza. Mwaka huu nimetengeneza mawili ya vijana wa pikipiki. Urefu wao bado naukumbuka." Alipangusa vumbi la mbao kwenye suruali. "Kuna mteja wangu wa makabati. Ameiulizia pikipiki hii. Atakuja mwisho wa mwezi."

Miwani alilitazama goti lake. Pikipiki ilikuwa yake, na baba hakuweza kuiuza bila yeye. Lakini hakutaka kuondoka kila asubuhi akimwacha baba yake na hofu ya namna ile.

"Nipe mwezi huu, baba. Nikianguka tena, nitampa mtu wako ufunguo kwa mkono wangu."

"Na usipoanguka?"

"Siku hiyo uje Kona ya Tangi, unione napita. Halafu wewe ndiye uamue. Ukisema iuzwe, itauzwa."

Baba alimtazama. "Umesema mwenyewe," alisema.

Jioni hiyo jirani alikuja kumpa pole. Mtaani aliitwa Dada Sampuli. Kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli za damu kwenye zahanati na kuzipeleka maabara kubwa kwa pikipiki. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kumwaga hata kichupa kimoja. Watu walisema angeweza kubeba kikombe cha chai kilichojaa na kikafika vilevile.

"Pole, mdogo wangu. Goti?"

"Uvimbe unapungua."

"Haya, niambie ulivyoanguka. Usinifiche, mimi si baba yako."

"Ni lile shimo la Kona ya Tangi."

"Hukuliona?"

"Nililiona tangu mbali. Lile shimo nalijua, dada. Upande wa kushoto lina jiwe jeupe. Upande wa kulia lami imepasuka mara tatu."

"Vizuri. Na baada ya shimo kuna nini?"

"Baada ya shimo?"

"Mwisho wa kona. Ukitoka pale, mbele yako kuna nini?"

Miwani alifikiri. Alipita pale mara mbili kwa siku, miezi miwili sasa. Alitafuta kichwani, asikute kitu.

"Sijui," alisema kwa sauti ndogo.

"Kuna ukuta wa kijani na nguzo ya umeme. Huko ndiko ulikokuwa unakwenda, na hujawahi kupatazama."

Mama, aliyekuwa anasikiliza huku akikunja nguo, alisema, "Kumbe huyu mkwe ana mke kipofu."

Dada Sampuli alicheka, kisha akageuka tena kwa Miwani. "Sikiliza. Pikipiki inafuata macho. Ukilikazia macho shimo, mabega yanageukia shimoni. Mikono inafuata mabega, na pikipiki inafuata mikono. Shimo lione mara moja, inatosha. Halafu tafuta njia, uitazame hiyo njia."

"Lakini nikiacha kulitazama, nitajuaje kwamba sijaingia?"

"Utajua kwa sababu utakuwa umeshatoka upande wa pili." Alimshika bega. "Najua tatizo lako. Kazini ukiondoa macho kwenye lenzi, umeiharibu. Macho yako yamefundishwa kazi hiyo, na yanaifanya vizuri. Sasa tuyafundishe kazi nyingine."

"Utanifundisha?"

"Jumapili. Lakini hiyo ya kwako tutaiacha nyumbani. Haina msamaha kwa anayeanza. Ukigusa mafuta kidogo, inaruka. Tutaanza na yangu."

Jumapili walikwenda kwenye uwanja wa ghala lililofungwa. Mlinzi aliwaruhusu. Dada Sampuli alipanga makopo matupu kwenye mstari, akiacha nafasi kati ya kopo na kopo.

"Pita katikati yake," alisema.

"Pikipiki yako siijui bado."

"Nani kasema pikipiki? Kwa miguu. Haraka haraka, ukitazama kila kopo."

Miwani alipita, macho chini. Alipiga kopo la pili kwa kiatu, akayumba, akapiga la nne.

"Sasa tazama lile lango kule mwisho. Makopo yaache yaliko."

Alipita akitazama lango. Miguu ilipata njia yenyewe. Alipogeuka nyuma, makopo yote yalikuwa yamesimama. Alisimama pale akiyatazama, mkono mdomoni.

"Na umesoma chuo, hilo hukulijua," alisema Dada Sampuli. "Panda sasa."

Jumapili hiyo na iliyofuata walizunguka uwanja kwa pikipiki ndogo ya kazi. Dada Sampuli hakupenda maneno mengi. Alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akisema jambo moja moja.

"Punguza mwendo kabla ya kona. Ukishaingia ndani, umechelewa."

"Breki ibane taratibu, kama unakamua chungwa. Usiikamate kama umemkamata mwizi."

"Magoti yashike tangi. Mikono ilegee. Shika usukani kama umeshika miwani ya mteja."

Hilo la mwisho Miwani alilielewa mara moja. Mikono yake, iliyozoea vitu vyepesi, ililegea. Pikipiki ikaacha kutetemeka.

Jumapili ya tatu alikuja na pikipiki yake ya buluu. Mzunguko wa kwanza aliliponda kopo, likawa bapa kama sahani.

"Kopo hilo lilikuwa na mke na watoto," alisema Dada Sampuli.

"Lilijitokeza ghafla."

"Limesimama hapo tangu saa tatu. Rudia."

Alirudia. Alirudia mpaka mgongo ukauma na viganja vikafa ganzi. Kuna wakati alitaka kulia. Alitazama lango, akapunguza mwendo, akainama pamoja na pikipiki, akatoka. Mara ya kumi na moja hakuna kopo lililoguswa. Dada Sampuli hakupiga makofi. Alikusanya makopo, akayatia kwenye mfuko.

"Mimi ilinichukua miezi," alisema tu. Miwani aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani kama zawadi.

Mwisho wa mwezi ulifika. Hakuwa ameanguka. Baba alivaa shati safi, akaenda Kona ya Tangi kwa miguu. Mteja wa makabati alifuatana naye. Walisimama chini ya tangi, mbali na barabara.

Miwani aliwasha injini upande wa maghala. Alikagua tairi, akakagua breki, akafunga kamba ya helmeti. Akaondoka.

Alipoikaribia kona, lori la ujenzi lilikuwa limetoka kupita, na tofali moja lilikuwa limeanguka. Lilikaa kando ya shimo, palepale alipozoea kupita.

Baba aliliona. Alinyanyua mkono amsimamishe, lakini Miwani alikuwa ameshafika.

Miwani naye aliliona tofali. Macho yake ya zamani yakalidaka, yakataka kulishikilia kama lenzi yenye mkwaruzo. Alihisi bega la kushoto linaanza kugeuka. Lakini mwendo alikuwa ameshaupunguza kabla ya kona, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Nimekuona, aliliambia tofali moyoni. Akanyanyua macho.

Ukuta wa kijani ulikuwa pale, na nguzo ya umeme. Palikuwa na nafasi pana ya lami safi ikielekea huko, nafasi ambayo ilikuwepo siku zote. Mikono ikalegea. Pikipiki ikainama, ikapita, ikanyanyuka yenyewe kwa utulivu, na barabara ikafunguka mbele yake.

Aligeuza mahali palipo salama, akarudi taratibu, akaegesha. Alivua glavu. Alitoa ufunguo, akaushika mkononi, akamngoja baba aseme.

Baba hakuja kwake kwanza. Alitazama barabara huku na huku, akaingia, akaliokota tofali, akaliweka mbali kwenye majani. Ndipo akarudi, akipangusa mikono.

"Hii pikipiki inainama hivyo kila siku?" aliuliza.

"Kila kona, baba. Ndivyo inavyotakiwa."

"Mimi nilidhani unaanguka."

"Hapana. Nilikuwa natazama ule ukuta."

Baba aligeuka, akautazama ukuta wa kijani kwa muda, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine.

Mteja alikohoa. "Sasa, mzee. Tuzungumze?"

"Kabati lako litakuwa tayari Jumatano," alisema baba. "Pikipiki haiuzwi."

"Si ulisema unaogopa?"

"Bado naogopa. Nitaogopa uzee wangu wote." Alimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Lakini nimeona anakotazama."

Miwani alirudisha ufunguo mahali pake. Akashughulika na kamba ya helmeti.

"Tangulia nyumbani," baba alimwambia. "Mama yako ana wasiwasi. Mwambie nakuja kwa miguu."

"Naweza kukubeba, baba."

"Si leo," alisema baba. Akatembea hatua tatu, akasimama. "Jumapili, labda. Kama huyo jirani ana helmeti ya kichwa kikubwa."