Mguu Ndani ya Jiliwa

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa uani akifua. Mumewe, fundi seremala, alikuwa amempelekea mteja kabati. Mtoto wao wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Unyoya kwa wepesi wake, alikuwa amesema anakwenda kufagia karakana ya baba yake nyuma ya nyumba.

"Kufagia? Bila kutumwa?" Mama alicheka peke yake. "Leo kuna jambo!"

Kweli, jambo lilikuwepo. Mama alisikia mlio mfupi, kama wa mtu aliyebanwa pumzi. Alitupa shati kwenye beseni akakimbia.

Jamani! Alichokiona kilimkata maini. Mtoto alikuwa amekaa juu ya meza ya kazi. Mguu wake mtupu ulikuwa ndani ya jiliwa, kile chuma ambacho fundi hubania mbao. Vidole vilikuwa vimeanza kuwa vya buluu. Mdomoni alikuwa ameng'ata kitambaa ili asisikike.

"Mungu wangu! Umeingiwa na nini?"

Mama alishika mpini wa jiliwa akazungusha.

Mtoto alitema kitambaa. "Upande mwingine, Mama! Unakaza! Upande mwingine!"

Mguu ulipotoka, Mama alipiga kelele kumwita jirani yao, nesi wa hospitali. Nesi alikuja mbio, kanga mkononi.

"Chezesha vidole, mwanangu. Hapa unasikia? Haya, twende hospitali ukapigwe picha."

Picha ilionyesha mfupa haukuvunjika. Nyama na mishipa ndiyo ilikuwa imeumia. Mguu ulifungwa bandeji, wakarudi nyumbani.

"Nani kakufundisha mchezo huu?" nesi aliuliza.

"Baba."

Mama aliruka. "Baba yako?"

"Mbao ikipinda, Baba huibana hivyo mpaka inanyooka. Na mimi nataka mguu wangu unyooke mpaka vidoleni, kama wa wacheza dansi. Nataka kujifunza dansi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Mama. Baba alisema dansi ni ya wasichana, akaniita bibi harusi. Na wewe ulicheka."

Mama alikumbuka kicheko chake mwenyewe, akainama kuweka mto chini ya mguu uliofungwa.

Wakati huo seremala aliingia. Aliposikia habari, aliona bandeji, lakini mdomo ulitangulia. "Dansi? Mtoto wa kiume? Watu watasema nini?"

"Shemeji," nesi alisema, "wakisikia kajibana kwa jiliwa, ndiyo watasema vizuri? Hebu simama kwa mguu mmoja, kisigino juu."

"Hilo tu?" Seremala alisimama, akayumba, akadaka mlango. Hata mgonjwa alicheka.

"Umeona?" nesi aliuliza. "Hiyo ni kazi ya misuli, ya wavulana na ya wasichana. Lakini mguu wa mtoto si mbao. Mifupa yake bado inakua. Ukiilazimisha, unaweza kumtia kilema. Mwili hupashwa moto kwanza. Kisha hunyooshwa kidogo kidogo. Maumivu makali yakija, mtu anaacha. Anayejifunza kwa kujificha, nani atamwambia acha?"

Seremala aliketi, akagusa bandeji kwa kidole. "Ungeniambia tena, baba."

"Ungecheka tena."

Seremala alitikisa kichwa. "Sicheki."

Mguu ulipopona, wazazi wote wawili walimpeleka kwenye ukumbi wa vijana. Mama aliuliza maswali mpaka mwalimu wa dansi akafuta jasho. Je, watoto wanapasha mwili moto? Sakafu inateleza? Mzazi anaruhusiwa kukaa kutazama? Mwalimu alijibu yote, na Mama alikaa kutazama. Alishangaa kuona wavulana wengi hivyo, na jinsi walivyotokwa jasho kabla hata muziki haujawashwa.

Mzazi unayesoma, usimcheke mtoto halafu ukashangaa anapojificha. Mwulize anataka nini, umtafutie mwalimu.

Jioni moja Unyoya alirudi akichechemea kidogo.

"Mama, Baba, paja linanivuta. Mwalimu kasema nipumzike mpaka liache."

Mama alishtuka, kama kawaida yake. Lakini safari hii si paja lililomshtua. Mtoto alikuwa amesema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya baba yake.

Seremala alimsogezea kiti. "Sasa umesimama unangoja nini? Kaa, mcheza dansi wangu. Nionyeshe panapouma."