Alisema Nisishone

Nilikuwa nimetoka mara moja tu kununua mafuta ya taa. Niliporudi, jua likizama, nilimkuta mwanamke ameketi kwenye kiti cha mume wangu, mbele ya cherehani.

Kiti kile sikuruhusu mtu akikalie. Mudathiru alivuka mpaka pale Grande Barrière mwaka tisini na sita kufuata vitambaa Goma, na wiki ile ile vita vikaanza huko. Hakurudi. Miaka miwili majirani walikuwa wakinishauri nikae eda. Niliwajibu vibaya wote, hata shehe. Mume wangu yuko hai, na asiyeamini asikanyage mlangoni kwangu.

"Barrière imefungwa tangu saa tisa," nilimwambia yule mwanamke; alivyofunga kitenge nilijua ni wa Goma. "Umepita wapi?"

Akaninyooshea kitambaa cheupe. Alinuka kafuri... ile ya kuoshea maiti.

"Kitambaa ni hii," akanong'ona. "Ya mutu moja iko ngambo. Hana nguo. Na kipimo ni hii."

Akanipa kamba. Mtu asipoweza kuja kwa fundi, jamaa zake humpima kwa kamba na kuipiga mafundo: fundo la bega, la kifua, la mkono. Nikaipitisha vidoleni.

Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi. Kwa upana wa vidole viwili.

Mudathiru alivunjika mkono huo utotoni, ukaunga vibaya. Nimemshonea mashati miaka tisa. Kipimo kile nakijua hata nikifumba macho.

Nikamshika yule mwanamke bega. "Bwana yangu iko wapi?"

"We ukate tu, mama. Vipande tatu. Usishone."

Kitambaa cheupe, vipande vitatu, bila uzi. Sanda.

Alipotoka nilimfuata mbio hadi barabarani. Hapakuwa na mtu.

Ndani, mama mkwe wangu Verediane alikuwa akisali rozari. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu kama mwanawe aliyesilimu, tumemwombea mtu mmoja kwa njia mbili. Nilimpa ile kamba. Alipofika kwenye fundo la mkono wa kushoto, machozi yakamtoka.

"Kata, mwana wangu," akasema. "Umuache apumuzike."

Sikukata sanda. Ningeikata, ningekuwa nimekubali. Nilishona shati. Kola, vifungo, mikono miwili, mmoja mfupi. Kila mshono niliupitia mara mbili, nikilia, nikimwambia Mungu: huyu humchukui. Nilipomaliza nililiacha shati kwenye kiti, nikaenda kutawadha.

Niliporudi, shati halikuwepo.

Kesho yake, adhana ya magharibi ilipoisha... ngo, ngo. Kisha kiganja kikateleza taratibu kwenye ubao wa mlango.

Hivyo ndivyo mume wangu alivyobisha hodi siku zote.

"Yasmina."

Sauti yake! Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kelele.

"Ingia, bwana yangu!"

"Siweze ingia. Siweze rudi kule. Hii shati inanifunga... Benzangu wote wamelala, mi peke siweze. Yasmina, toa uzi."

Nikafungua kidogo. Harufu ya kafuri ikaingia. Kwenye upenyo ukapita mkono wa shati, ule mfupi. Niliushika. Ndani yake hamkuwa na kitu ila baridi.

Tangu hapo anakuja kila magharibi. Mama mkwe wangu hunipigia magoti pale sakafuni, mwanamke mzima wa umri ule: fungua mishono, mwachie mtoto wangu. Siku moja alijaribu mwenyewe, na mkasi. Nikamnyang'anya. Mikasi yangu yote nimeitupa ziwani, mimi fundi, na sasa sina kazi. Najua ninamtesa. Najua hata Mungu ananiona. Lakini nikifungua uzi ule, kesho nitamngoja nani?

Jana alibisha kama kawaida. Nikangoja aniite.

"Mama fundi," akasema. "Sikujue, pardon. Unisaidie tu. Utoe hii uzi."

Hakulijua tena jina langu.

Nilishika ule mkono wa shati hadi vidole vikafa ganzi. Nikamwambia aje tena kesho.