Mwanamke wa Ukutani

Sebule ile ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na shughuli kuliko soko. Karibu na dirisha kulikuwa na meza ya baba. Alikuwa fundi saa, na watu walimwita Mshale. Karibu na mlango kulikuwa na cherehani ya mkewe, fundi wa nguo za kike. Katikati, juu ya mkeka, alicheza binti yao mdogo. Kwa kuwa hakuishiwa maneno, walimwita Chiriku.

Mshale alivuta sigara huku akifanya kazi. Alisema bila sigara mkono wake unatetemeka, na saa haitaki mkono unaotetemeka. Lakini hakuwa mtu asiyejali. Alikaa dirishani na kupuliza moshi nje.

"Moshi wangu una adabu," alizoea kusema. "Ukiambiwa toka, unatoka."

Zamani mkewe alikuwa akicheka. Siku hizi hakucheka, kwa sababu Chiriku alikuwa mgonjwa kila mara. Leo sikio, kesho kifua. Akilala, kifua chake kilipiga filimbi nyembamba, kama mtu anayeita kutoka mbali.

Msimu wa mvua ulipofika, madirisha yalifungwa. Alasiri moja akaja mteja, akalipenda gauni la kijani lililotundikwa ukutani. Lilikuwa gauni la mfano. Lilikaa kwenye msumari wake tangu walipohamia, ndani ya mfuko wa nailoni. Mama Chiriku alilitungua. Akainjika sufuria kubwa ya maji, ili mvuke uondoe mikunjo.

Chumba kilijaa mvuke. Mshale, kama kawaida, alikuwa na sigara mdomoni.

"Mama," akaita Chiriku, "yule ni nani?"

"Nani?"

"Yule mwanamke. Hana kichwa."

Wote wakageuka. Pale gauni lilipokuwa, alisimama mwanamke mweupe. Alikuwa na mabega, kiuno na sketi pana iliyofika karibu na sakafu. Alikuwa mweupe pe, na ukuta uliomzunguka ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kisha, juu ya mabega yale meupe, likatokea tone. Lilikuwa la kahawia. Likateremka polepole, likapita begani, likaingia kifuani. Likafuata la pili. Kisha ukuta mzima ukaanza kutoa jasho la kahawia.

"Analia," alisema Chiriku.

Mteja alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Alichukua gauni likiwa bado na mikunjo, akatoka mbio mvuani.

Mshale alifuta ukuta kwa kitambaa. Kesho yake maji yalipochemka, machozi yalirudi. Shangazi yake Mshale, aliyeishi mtaa wa pili, alikuja kuona. Hakuvuka hata kizingiti.

"Hapa mna mpangaji mwenzenu," alinong'ona. "Hameni, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Shangazi, ni unyevu tu," alisema Mshale. Lakini siku hiyo alihamisha kiti chake ili asiupe ukuta mgongo. Na kwa sababu ya hofu, alivuta sigara nyingi zaidi.

Chiriku peke yake hakuogopa. Aliketi mbele ya yule mwanamke na kuzungumza naye.

"Anakwambia nini?" mama yake aliuliza.

"Anasema hawezi kupumua."

Mama aliacha mkasi ukaanguka. Alimshika mtoto begani na kumgeuza. Midomo ya Chiriku ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. Mbavu zake zilikuwa zikibonyea kila alipovuta pumzi. Hakuna mtu wa ukutani aliyekuwa amesema kitu. Mtoto alikuwa akijisemea mwenyewe.

Jirani yao alikuwa muuguzi wa zahanati, mama wa makamo waliyemwita Bi Muuguzi. Bahati nzuri alikuwa nyumbani. Alimtazama mtoto mara moja tu, akasema, "Twende. Sasa hivi."

Zahanati walimpa Chiriku dawa ya kuvuta kwa mdomo, na hewa ikaanza kupita. Ilikuwa pumu. Walikaa naye mpaka midomo ikarudi rangi yake.

Waliporudi nyumbani, Bi Muuguzi aliingia nao. Akauona ukuta. Aliutazama kwa muda, kisha akachovya kitambaa cheupe ndani ya maji, akafuta sehemu ndogo. Kitambaa kikawa cha kahawia. Akampa Mshale.

"Nusa."

Mshale alinusa. Aliijua harufu ile. Ilikuwa harufu ya vidole vyake mwenyewe.

"Mlipohamia, mlipaka ukuta huu rangi gani?"

"Nyeupe," alijibu Mama Chiriku. Kisha akaziba mdomo kwa mkono. "Ee Mungu wangu. Ulikuwa mweupe!"

"Basi hakuna mzimu," alisema Bi Muuguzi. "Haya ni mabaki ya moshi wa sigara. Moshi hautoki wote dirishani. Mwingine hubaki, ukashika ukutani, kwenye mapazia, kwenye nguo. Mvuke ukija, mabaki hayo yanayeyuka na kutiririka. Huyo mwanamke ni pale ambapo moshi haukufika, kwa sababu gauni lilikuwa ndani ya nailoni."

Akamgeukia Mshale.

"Gauni lilikuwa na nailoni, baba. Mtoto wako alikuwa na nini?"

Mshale aliketi.

"Lakini yeye havuti," alisema mwishowe. "Wala mama yake havuti."

"Wanavuta unachopuliza, na kinachotoka kwenye ncha ya sigara yako. Moshi huo una sumu nyingi. Mapafu ya mtoto ni madogo na hupumua haraka, kwa hiyo humdhuru upesi. Unaleta maumivu ya masikio, nimonia, na unaichochea pumu. Hata mtu mzima asiyevuta anaweza kupata maradhi ya moyo, kiharusi au saratani ya mapafu."

"Nitavutia uani, basi."

"Ni afadhali kuliko ndani. Lakini utarudi nao kwenye nguo, kisha utambeba mtoto. Na mapafu yako je? Dawa ya moshi ni kuzima moto."

Shangazi, aliyekuwa akisikiliza nje ya dirisha, aliguna. "Kumbe jini lenyewe ni mpwa wangu!"

Hata Mshale alicheka, ingawa macho yalikuwa yamemlowa.

Bi Muuguzi alimweleza la kufanya. Achague siku ya kuacha na awaambie watu wake. Atupe sigara zote, na vibiriti na visahani vya majivu. Hamu ikija, anywe maji, atembee, ashughulishe mikono. "Hamu ni kama wimbi," alisema. "Huinuka, kisha hushuka baada ya dakika chache. Na njoo zahanati, kuna ushauri na kuna dawa za kusaidia. Usibebe peke yako."

Waliosha ukuta kwa sabuni. Maji yalitoka meusi ndooni. Walifua mapazia, wakaanika mkeka, kisha wakapaka rangi upya.

Haikuwa rahisi. Siku za mwanzo Mshale alikuwa mkali kama pilipili. Usingizi ulimpaa, na saa ndogo ndogo za wateja zilimshinda kutengeneza. Siku moja, kwa rafiki yake, alivuta moja. Alikwenda zahanati kichwa chini.

"Nimeharibu," alisema.

"Kujikwaa si kuanguka," Bi Muuguzi alimjibu. "Umejua sasa kwamba kwa rafiki yule pana mtego. Endelea."

Akaendelea. Mkono wake ukatulia bila sigara. Chakula kikawa na ladha aliyokuwa ameisahau.

Mvua zilikwisha. Mchana mmoja Mshale alikuwa mezani, na Chiriku amelala mkekani. Ghafla akahisi kwamba kuna kitu kimepungua chumbani. Alisikiliza. Kulikuwa na mlio wa saa tu. Hakukuwa na sauti nyingine yoyote.

Alitupa kibano, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto.

Hewa iliingia. Hewa ilitoka. Tena, na tena, laini, bila filimbi.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza, sindano mkononi.

"Anapumua."

"Sasa ulitaka afanye nini?"

Mshale hakuinua kichwa. "Sikujua," alisema, "kwamba mtoto hupumua kimya."