Wifi ya Malili

Kila asubuhi Kavindu hufungulia mbuzi kabla hajawasha moto. Wa kwanza kutoka zizini ni Mwanake. Kwa Kikamba jina hilo ni kijana, na beberu huyu alijua kabisa kwamba yeye ni kijana. Alitoka kifua mbele, akanusa upepo, akampiga kikumbo yeyote aliyekuwa njiani.

Kavindu anaishi Ikutha na mume wake Kimeu, mtoto wao Mulei, na mama mkwe wake Katunge. Anafuga mbuzi wa Galla, wale weupe wenye miili mirefu. Mabeberu wake si wa kuchinjwa. Wafugaji huwanunua ili wapate mbegu nzuri. Lakini mwaka huu mvua ilikuwa haba na nyasi zilikuwa zikiisha. Wafugaji wasipojitokeza mapema, mabeberu watapelekwa sokoni, na sokoni anayekuja mbele ni mchinjaji. Kavindu hakutaka hata kumwaza Mwanake mikononi mwa mchinjaji.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua zaidi. Wifi yake.

Kanyiva ni dada ya Kimeu. Yuko Malili, kando ya barabara kuu, na anauza miche ya maembe. Walipomtembelea wakati wa Pasaka, aliwaonyesha tovuti yake kwenye simu. Picha za maembe zilizunguka zenyewe. Wimbo uliimba. Kulikuwa na mchoro wa miche inavyokua, na ukiugusa unapanda na kushuka. Katunge alimshukuru Mungu kwa sauti. Tangu siku hiyo, iwe kanisani au kisimani, hadithi yake ni moja, kwamba Kanyiva wake yuko kwa intaneti.

Kavindu alitabasamu, lakini ndani alikuwa akiungua. Tusizunguke: alikuwa na wivu. Mtu akimsifu Kanyiva, yeye alikumbuka kazi iliyomngoja jikoni.

Akaenda Kitui mjini kwa fundi wa tovuti. Alimwambia anataka kama ya wifi yake, na iizidi. Maembe yalizunguka, basi mbuzi wazunguke mara mbili. Wimbo uwe mrefu. Mchoro wa uzito wa mbuzi uwe na rangi zote. Waliosema usimwige tembo walijua walichokiona. Msemo wenyewe tuukatize hapo, watoto wanasoma.

Fundi alifanya alichoambiwa. Kavindu alirudi nyumbani akangoja simu za wanunuzi. Hakuna aliyepiga. Alipofungua tovuti yake mwenyewe hapo Ikutha, aliona kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka akachoka. Akampigia fundi kulalamika.

"Mama, page iko sawa," fundi akamwambia. "Shida ni wifi. Hiyo wifi ndio inakuangusha."

Kavindu akakata simu.

Si kwamba hakujua wifi ya intaneti. Neno hilo alilisikia kila siku. Lakini mwenye wivu husikia kile anachokitaka, na Kavindu alikuwa ametafuta kosa la Kanyiva kwa muda mrefu. Sasa amelipata, tena kutoka kwa fundi. Kanyiva anamwangusha! Bila shaka alizungumza na fundi kisiri. Kanyiva alipotuma salamu, Kavindu alimjibu, "Nimeshajua ni wewe," kisha akaacha kupokea simu zake. Kimeu alipouliza kuna nini, aliambiwa akamuulize dada yake.

Siku ya soko Kavindu alikwenda Mutomo kutafuta chumvi ya mbuzi. Akapita mbele ya duka la Nasreen, mwanamke anayefundisha watu kompyuta. Mlangoni palikuwa na maandishi makubwa: WIFI IKO.

Akasimama. Huku kwetu tunasema iko kwa mtu na kwa kitu, hatuchagui. Jambo la kwanza lililomjia Kavindu ni kwamba Kanyiva amefika hata Mutomo. Halafu akaona watu wamekaa barazani, kila mmoja ameinamia simu yake. Aibu ikampanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

Akaingia, akamuuliza Nasreen taratibu, fundi akisema wifi inakuangusha, anamaanisha nini.

"Anamaanisha mtandao, Mama Mulei. Kwani wewe ulifikiria nini?"

Kavindu alisema hakufikiria kitu. Akampa Nasreen simu yake aione ile tovuti. Nasreen akaifungua kwa wifi ya dukani, na hata hapo ilichukua muda kabla mbuzi hawajaanza kuzunguka.

"Ukipeleka mbuzi moja sokoni, unakodi lori?" Nasreen akauliza.

"Namfunga kamba tunatembea."

"Basi hapa umekodi lori. Picha ni kubwa, wimbo ni mzito, na yote lazima ifike kwa simu ya mtu kabla aone kitu. Mtandao ya Ikutha haiwezi beba. Na bando ya mtu inaisha."

Akamweleza na ule mchoro. Ulitengenezwa kwa daftari la kompyuta. Mtu huandika hesabu, kompyuta inaipiga na kuchora jibu hapo hapo. Nasreen mwenyewe hulitumia kufundisha, na kwa mtafiti ambaye hesabu zake zinabadilika kila siku hakuna kitu kizuri kama hicho.

"Lakini hapa simu ya mnunuzi wako ndio inapigishwa hesabu, na yeye haitaki," akasema. "Anataka kujua Mwanake ana uzito gani. Wewe piga hesabu hapa mara moja, andika jibu. Simu yake isome tu."

Kavindu akauliza lile lililomkera. Je, ya Kanyiva? Nasreen akazima wifi, akaijaribu kwa bando ya simu. Kiduara kikazunguka. Kumbe Malili ilifunguka kwa sababu mtandao wa barabara kuu una nguvu. Kavindu alisikia furaha ambayo hangethubutu kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Wakakaa kwenye kompyuta. Nasreen alielekeza, Kavindu akaandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwenye programu ya kawaida ya kuandikia. Aliweka alama ya kuiambia kompyuta hiki ni kichwa, nyingine ya kusema hapa ikae picha. Picha ilikuwa moja, ya Mwanake, na waliipunguza ikawa nyepesi. Chini yake wakaandika umri, uzito na chanjo alizopata, kisha mabeberu wengine, kila mmoja na mstari wake. Mwisho wakaweka namba ya simu, ambayo ukiigusa inapiga. Yote yalikaa kwenye faili moja. Beberu akiuzwa, Kavindu ataufuta mstari wake na kuipandisha faili upya mtandaoni. Waliiweka kwenye anwani ileile, mahali pa ile nzito.

"Usiipime hapa," Nasreen akamwonya. "Ipime nyumbani, kwa simu mbaya kuliko zote."

Simu mbaya kuliko zote Ikutha ilikuwa ya Katunge. Kavindu alimfuata mama mkwe zizini, akamwomba aifungue tovuti. Ikafunguka kabla mzee hajavaa miwani. Katunge akasoma kwa sauti kuhusu Mwanake, mstari kwa mstari.

"Ya Kanyiva sijawahi kuiona hapa," akasema polepole. "Inazungukanga tu. Niliona aibu kusema."

Wiki hiyo simu zilianza kulia. Mfugaji wa upande wa Mutomo alimchukua Mwanake akawe baba wa kundi lake. Wengine wakafuata. Nyasi zilipokwisha, zizini walikuwa wamebaki majike na watoto, na hao Kavindu aliweza kuwalisha.

Katunge hakukaa kimya, alimwambia binti yake kila kitu. Kanyiva akapiga simu, na safari hii Kavindu akapokea.

"Wifi, ulisema umejua ni mimi. Nilifanya nini?"

Kavindu alitazama zizi. "Hukufanya kitu," akasema. "Ni wivu, wifi. Nilikuwa nakuonea wivu. Sasa imepungua. Haijaisha."

Kanyiva akacheka. "Hata mimi. Tangu mama aniambie yako inafunguka, silali."

Basi Kavindu akamfundisha jinsi Nasreen alivyomfundisha: faili moja, picha moja nyepesi, jibu badala ya hesabu, na namba ya simu. Kisha akarudi kwenye ukurasa wake, akaongeza mstari mmoja chini kabisa: Miche ya maembe, wifi yangu, Malili. Akaweka na namba ya Kanyiva.

Siku chache baadaye mwanamume mmoja akampigia.

"Mama, hiyo wifi ya Malili, password ni gani?"

"Hiyo haina password," Kavindu akamjibu. "Wewe piga tu. Itaongea mpaka kredo yako iishe."